Nani anaingia udaktari, nani anabaki wilayani

Machi 2017 ujumbe wa serikali ya Kenya ulikuja Dar es Salaam kuomba madaktari 500. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, hospitali zao zilikuwa hoi, na Rais John Magufuli alikubali ombi hilo. Tangazo likatoka, vijana wa Kitanzania wakatuma maombi. Kisha madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani kupinga mpango, mambo yakakwama, na Aprili ya mwaka huohuo Magufuli akaagiza waombaji 258 waliokuwa wamekidhi vigezo waajiriwe hapahapa nyumbani.

Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini jiulize: hao 258 walikuwa wapi siku zote? Nchi yenye vituo vya afya ambavyo havijawahi kuona daktari wa shahada ilikuwa na madaktari wamemaliza masomo, wamemaliza utarajali, yaani mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini, wako mtaani. Wangeajiriwa, wangekwenda hata nchi ya jirani. Kwa hiyo mtu anaposema "madaktari hawataki kwenda vijijini" anachanganya mambo mawili. Moja ni nafasi za ajira ambazo serikali inafungua na kuzilipia. Jingine ni nani atakayekwenda kwenye nafasi hizo na, hasa, nani atakayebaki mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi. La kwanza tunalijadili kila bajeti inaposomwa. La pili huamuliwa mapema sana, siku chuo kinapochagua nani aingie darasa la udaktari, na hilo karibu hatulijadili kabisa.

Tatizo lenyewe ni la dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu kuwabakiza watumishi wa afya maeneo ya mbali, lilieleza kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaishi vijijini lakini wanahudumiwa na chini ya robo ya madaktari. Kwetu uzito wake ni mkubwa zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na karibu theluthi mbili yao wanaishi vijijini. Hospitali kubwa, vyuo, kliniki binafsi na mabingwa wamejazana mijini, Dar es Salaam ikiongoza.

Sasa tuutazame mlango. Njia kuu ya kuingia udaktari Tanzania ni tahasusi ya PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote kwa ufaulu mkuu katika mtihani wa kidato cha sita. Tume ya Vyuo Vikuu huweka kima cha chini, lakini anayetegemea kima cha chini kuingia Muhimbili anajidanganya, kwa sababu waombaji ni wengi, nafasi ni chache, na chuo huchukua wenye alama za juu kwanza. Hakuna mahojiano ya kupima nia. Hakuna anayeuliza ulikulia wapi. Mfumo unapanga majina kwa alama na kukata mstari.

Mtindo huu una haki ya aina yake, na sipendi kuona ukidharauliwa. Mtoto wa mkulima asiyejua mtu yeyote wizarani anaweza kuingia kwa kalamu yake mwenyewe. Pale ambapo mahojiano na barua za mapendekezo vinatawala, mara nyingi watoto wa wakubwa ndio hunufaika. Lakini alama hupima zaidi ya akili ya mtoto. Hupima pia kama shule yake ilikuwa na mwalimu wa Fizikia, kama maabara ilikuwa na kemikali au mtoto alisoma titration kwa kukariri ubaoni, kama mzazi alilipia tuisheni ya likizo. Tangu shule za kata zianze kujengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, watoto wengi wa vijijini wamefika sekondari ambako zamani wasingefika. Kufika kidato cha nne bila kugusa darubini kumebaki kuwa jambo la kawaida kwa wengi wao. Hivyo orodha ya waliochaguliwa udaktari huegemea, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, upande wa waliokulia mjini au waliosomeshwa kwa gharama.

Je, hilo lina uhusiano gani na daktari kukaa Kibondo au Nanyumbu? Uhusiano mkubwa, na ushahidi wake umekusanywa kwa miaka mingi.

Huko Pennsylvania, Marekani, chuo cha udaktari cha Jefferson kilianzisha mwaka 1974 programu ya kuchukua vijana waliokulia vijijini na walioonyesha nia ya kurudi huko kama madaktari wa familia. Walisoma masomo yaleyale na kufanya mitihani ileile, na ufaulu wao haukuwa chini ya wa wenzao. Howard Rabinowitz na wenzake wakawafuatilia. Mwaka 1999 walichapisha hesabu inayostahili kusomwa mara mbili: wahitimu wa programu hiyo walikuwa asilimia 1 tu ya wahitimu wote wa vyuo saba vya udaktari vya jimbo hilo, lakini kati ya madaktari wa familia wa vijijini Pennsylvania waliosoma katika vyuo hivyo, walikuwa asilimia 21. Mwaka 2005 wakatoa matokeo ya muda mrefu. Baada ya miaka 11 hadi 16, asilimia 68 ya wahitimu wa programu walioanza kazi vijijini walikuwa bado katika eneo lilelile, ikilinganishwa na asilimia 46 ya wenzao wasiopitia programu hiyo.

Afrika Kusini, nchi inayofanana nasi zaidi kwa umbali wa vijiji na uchovu wa hospitali za umma, watafiti de Vries na Reid waliwatafuta wahitimu wa udaktari na kuangalia walitoka wapi na wako wapi. Matokeo yao ya mwaka 2003: waliotoka vijijini, asilimia 38.4 walikuwa wanafanya kazi vijijini. Waliotoka mjini, asilimia 12.4. Yaani uwezekano ni mara tatu.

Hapa msomaji makini atainua mkono: labda ni nia tu. Labda wale vijana wa Jefferson wangekwenda vijijini hata kama programu isingekuwepo. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Anayejiandikisha kwenye programu ya vijijini tayari ameshaegemea upande huo. Lakini kwa mpangaji wa sera haimsumbui sana, kwa kuwa kazi ya udahili ni hiyohiyo ya kuwatambua waliokwisha kuegemea. Chuo hakihitaji kumbadilisha kijana wa Masaki, mtaa wa wenye nacho jijini Dar es Salaam, apende wilaya ya mbali kama Ngara. Kinahitaji kutomwacha nje yule ambaye Ngara ni kwao.

Kuna sababu ya kibinadamu nyuma ya takwimu hizi, na mtu yeyote aliyekulia wilayani anaijua. Anayetoka huko hahesabu kukosa lami kama adhabu. Anajua mgonjwa mzee akisema "tumbo linapanda kifuani" anamaanisha nini. Anajua msimu wa kulima kliniki ya watoto hupungua na kwa nini. Ana kiwanja, ana wazazi, pengine ana shamba. Kwake kituo cha kazi ni mahali pa kuishi. Wenzake wengi huhesabu miaka hadi uhamisho utoke.

Lakini Tanzania ina fundo lake, na hapa ndipo nadhani mifano ya nje haitoshi. Nani ni "mtoto wa kijijini" kwetu? Chukua kijana aliyezaliwa kijiji cha Kasulu, akafaulu darasa la saba, akapangiwa shule ya vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, au kwa wasichana Kilakala au Msalato. Anaondoka nyumbani akiwa na miaka 13 au 14. Anakaa bweni hadi kidato cha sita. Anaingia chuo Dar es Salaam, miaka mitano ya shahada na mwaka mmoja wa utarajali. Anapopata barua ya ajira ameishi mbali na Kasulu karibu nusu ya umri wake. Kwenye fomu anahesabiwa mtoto wa Kigoma. Katika maisha yake marafiki, mchumba, kanisa au msikiti, hata lugha ya utani wake, vyote viko mjini. Mfumo wetu wa elimu huwachukua watoto wenye akili zaidi wa vijijini na kuwalea nje ya vijiji. Mwalimu Nyerere na waliomfuata walikuwa na sababu nzuri ya kuwachanganya vijana wa makabila yote kwenye mabweni, na umoja wa nchi hii umejengwa humo. Ila kwa daktari wa wilaya, gharama yake ipo na lazima isemwe.

Na kuna upande mwingine ambao watu huusema kwa sauti ya chini. Si kila daktari anataka kufanya kazi kwao. Nyumbani kuna ndugu watakaokuja usiku bila kupanga foleni, kuna anayedai dawa za bure, kuna lawama mgonjwa wa ukoo akifariki mikononi mwako. Baadhi huomba kabisa wapangiwe mkoa mwingine wa kijijini, si wao. Kwa hiyo asili ya kijijini ni ishara nzuri ya kuwa mtu ataweza kuishi kijijini. Si lazima kiwe kijiji chake.

Japani walilichukulia jambo hili kwa ukali zaidi. Mwaka 1972 walianzisha Chuo cha Udaktari cha Jichi kwa kazi hiyo tu. Kila mkoa kati ya mikoa 47 huchagua vijana wake wawili au watatu kila mwaka. Mkoa hulipa ada. Kijana akihitimu anarudi mkoani kwake kwa miaka tisa, sehemu kubwa ikiwa katika maeneo ya mbali na visiwani, na akivunja mkataba hulipa deni lote kwa mkupuo pamoja na riba. Walio wengi sana hutimiza miaka yao. Thailand nayo imekuwa na utumishi wa lazima wa miaka mitatu tangu miaka ya 1970, pamoja na faini ya bati 400,000 kwa anayekwepa. Faini hiyo ilikuwa kubwa ilipowekwa. Kadiri fedha ilivyoshuka thamani na hospitali binafsi zilivyopanda mishahara, wengi waliona ni nafuu kuilipa na kwenda zao. Ndipo Thailand ikaongeza, katikati ya miaka ya 1990, mpango wa kuchukua vijana kutoka mikoa ya vijijini na kuwafundishia miaka ya kliniki katika hospitali za mikoa.

Tofauti ya nchi hizi mbili inafundisha jambo moja kuhusu mikataba. Mkataba wenyewe humleta daktari, haumbakizi. Japani mkataba umekaa juu ya mtu aliyechaguliwa na mkoa wake tangu mwanzo. Mkataba uliowekwa juu ya mtu yeyote aliyeshinda kwa alama huzaa madaktari wanaohesabu siku, na wilaya inabadilishiwa daktari kila baada ya muda mfupi, kila mmoja akiwa mgeni. Kwa maoni yangu, mjadala unaoibuka kwetu mara kwa mara wa kuwalazimisha wahitimu waende vijijini miaka miwili au mitatu unakosea hapo. Unaanza mwisho wa mnyororo.

Mahali pa kusomea nako kuna uzito. Chuo cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1963, kilichokuja kuwa MUHAS, yaani chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kilikuwa peke yake kwa Tanzania Bara hadi katikati ya miaka ya 1990. Tangu hapo tumepata KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo cha Mbeya, na Mtakatifu Fransisko huko Ifakara. Mimi naona hili ni badiliko kubwa kuliko linavyosemwa. Mwanafunzi anayejifunza kuzalisha na kutibu malaria kali Ifakara, bonde la Kilombero, ataondoka na picha tofauti ya kazi ya udaktari na yule aliyejifunzia kwenye wodi ambamo kila mgonjwa mgumu ana bingwa wake chumba cha pili. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2007 kufundisha madaktari visiwani kwa ushirikiano na chuo cha Matanzas cha Cuba, wanafunzi wakikaa karibu na jamii watakazozihudumia. Kenya, Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wake kwenye vituo vya afya vya vijijini kama sehemu ya masomo.

Kuna kundi moja ambalo naamini lingepaswa kuwa katikati ya mjadala huu, na karibu halitajwi: matabibu. Yule mtu wa stashahada anayeendesha zahanati, anayepasua jipu, anayepokea mama saa tisa usiku. Kanuni za udahili zinamruhusu kuomba shahada ya udaktari akiwa na stashahada yenye wastani mzuri pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Ila kwa kawaida watu wa njia hii hushindania sehemu ndogo ya nafasi, nyingine zikienda kwa waliotoka kidato cha sita moja kwa moja.

Fikiria unachokijua kuhusu tabibu wa miaka 28 aliyefanya kazi Uvinza miaka minne. Huhitaji kukisia kama ataweza kuishi wilayani. Ameshaishi. Ufilipino walijenga chuo kizima juu ya wazo hili, katika kisiwa cha Leyte, mwaka 1976. Jamii inamteua kijana, anasomea ukunga, anarudi kuhudumu, akifanya vizuri anaendelea hadi uuguzi, anarudi tena, na hatimaye wachache wanafika udaktari. Kila ngazi ina kipindi cha utumishi katikati. Wahitimu wa chuo hicho kwa sehemu kubwa sana wamebaki ndani ya nchi, katika taifa maarufu kwa kupeleka wauguzi na madaktari wake nje.

Msumbiji ilipata ushahidi wenye nguvu zaidi, na kwa sababu ni jirani zetu, inafaa tuusikilize. Wataalamu wa upasuaji wa ngazi ya kati, waliofundishwa kupasua bila shahada ya udaktari, walifuatiliwa pamoja na madaktari waliopangiwa hospitali za wilaya. Baada ya miaka saba asilimia 88 ya wale wa ngazi ya kati walikuwa bado wilayani. Madaktari hakubaki hata mmoja. Tanzania nasi tulikuwa na kada ya madaktari wasaidizi, matabibu waliorudi darasani kujifunza zaidi, upasuaji wa kujifungua ukiwemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulikuta sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi ilikuwa mikononi mwao, na matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya madaktari wa shahada. Akina mama wengi wa wilayani walio hai leo wanadaiwa shukrani na watu hawa.

Basi je, ukichagua vizuri mlangoni kazi imekwisha? Hapana, na ningekuwa nadanganya nikisema hivyo. Muulize daktari yeyote aliyeondoka wilayani sababu, na mara chache atakutajia mshahara wa kwanza. Atakuambia mke wake ni mwalimu wa mkoa mwingine, na barua ya kumfuata mwenza ilizunguka ofisi hadi akachoka. Atakuambia mtoto amefika umri wa shule. Atakuambia alikuwa peke yake, simu ya dharura kila usiku, hana wa kumshika mkono. Atakuambia alifundishwa kupasua, na chumba cha upasuaji hakikuwa na mashine ya usingizi wala damu salama, hivyo akawa mwandishi wa barua za rufaa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata; majengo mengi yalisimama, watu na vifaa vikafuata kwa mwendo wa polepole zaidi.

Na zaidi ya yote kuna ubingwa. Anayetaka kuwa bingwa lazima arudi chuo kikuu, mjini, miaka mitatu au zaidi. Akimaliza, utaalamu wake unahitaji hospitali kubwa. Hivyo hata yule kijana wa kijijini, aliyechaguliwa vizuri na kufundishwa vizuri, ana ngazi moja tu ya kupanda, na ngazi hiyo inaelekea mjini. Nchi zilizofanikiwa kuwabakiza zimefanya udaktari wa familia au udaktari wa vijijini uwe ubingwa wenyewe, wenye cheo na heshima. Kwetu anayebaki wilayani miaka kumi huulizwa na wenzake, "Bado uko huko?"

Narudi kwenye udahili kwa sababu ndilo jambo ambalo gharama yake ni ndogo kuliko yote haya. Kutenga sehemu ya nafasi za udaktari kwa waliosoma shule za msingi na sekondari za halmashauri zenye upungufu mkubwa, na nyingine kwa matabibu waliofanya kazi huko, hakuhitaji jengo wala mkopo wa nje. Kutahitaji mwaka au miezi michache ya masomo ya kuimarisha sayansi kwa wanaotoka shule zisizo na maabara. Kutahitaji Bodi ya Mikopo iwape uhakika wa fedha tangu mwaka wa kwanza, maana mtoto wa mkulima anayepata mkopo nusu ndiye huacha chuo.

Kuna hatua moja ambayo ingeweza kuanza hata kesho, kabla ya sera yoyote kubadilika. Kila aliyefanya mtihani wa taifa ana namba inayoonyesha kituo alichofanyia: shule ya msingi gani, sekondari gani. Kila daktari anayefanya kazi yuko kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Waajiriwa wa serikali wanajulikana wako kituo gani, tangu lini. Taarifa hizi zote tayari zipo, zikiwa zimekaa kwenye ofisi tatu zisizozungumza. Zikiunganishwa, majina yakiondolewa, tungeona kwa mara ya kwanza madaktari waliobaki Kigoma, Katavi, Lindi na Simiyu kwa miaka mitano walifanyia darasa la saba wapi, walisomea chuo gani, na wangapi kati yao walikuwa matabibu kwanza. Kamati ya udahili yenye jedwali hilo mezani ingekuwa na kitu cha kusoma kando ya alama.